Simu Yako Ina Tarehe ya Kufa, Ila Hawakuiandika Kwenye Boksi

Leo tuiache siasa ipumzike. Wiki nzima gazetini naandika habari za waheshimiwa, kwa hiyo hapa nachagua mwenyewe. Leo nataka tuongee kuhusu hicho kidude ulichoshika mkononi.

Bei yake unaijua. Unajua kina GB ngapi na kamera ya megapikseli ngapi. Je, unajua kitaacha kupata masasisho lini? Hujui. Muuzaji wa Kariakoo naye hajui. Lakini aliyekitengeneza ana mpango wake, na aliyetengeneza chipu iliyomo ndani naye ana wake. Kwa maoni yangu huu ni uonevu, na tunauvumilia kwa sababu hatujazoea kuuliza.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Wengi wa rika langu, simu ya kwanza kuiona nyumbani ilikuwa Nokia 1100. Ilitoka mwaka 2003, ina tochi, vitufe vyake vimefunikwa vumbi lisiingie, na duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Kampuni iliyoweka tochi kwenye simu ilijua fika kwamba kuna watu wasio na umeme wa uhakika. Sasa ilishindwaje kujua kwamba watu hao hao wana laini mbili au tatu? Miaka ile kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali. Watu walitembea na simu mbili, au walifungua mfuniko, wakatoa betri, wakabadilisha laini, kisha wakafanya hivyo tena baada ya nusu saa.

Mimi naamini Nokia iliona. Swali ni mteja wake mkubwa alikuwa nani. Ulaya na Marekani simu nyingi ziliuzwa na makampuni ya mitandao, kwa mkataba, bei ikiwa imeshushwa ili mnunuzi asihame. Hebu fikiri, mwenye mtandao gani angefurahia kuuza simu yenye nafasi ya laini ya mshindani wake? Tochi haikumkera yeyote. Laini ya pili ingemkera mtu anayenunua simu kwa mamilioni.

Pengo hilo lilizibwa kutoka Asia. MediaTek ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kuanza na chipu za mashine za kusomea CD, ilianza kuwauzia watengenezaji wa China chipu pamoja na programu zake na mchoro wa namna ya kuunda simu nzima. Kiwanda kidogo cha Shenzhen hakikuhitaji tena jeshi la wahandisi ili kutoa simu. Laini mbili zikawa jambo la kawaida. Tecno, iliyoanzishwa mwaka 2006, ikaelekeza nguvu zake Afrika na simu za laini mbili. Nokia ilitangaza zake za kwanza mwaka 2010. Miaka mitatu baadaye ikakubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu. Sisemi laini mbili ndizo zilizoiangusha, maana iPhone na Android ziliiumiza zaidi. Nasema soko letu ililiachia kwa hiari yake, kwa sababu ilimsikiliza mteja mwingine.

Lakini tusijidanganye kwamba waliochukua nafasi yake wana huruma nasi. Wao pia wanasikiliza kinachoulizwa dukani. Tunauliza GB, wanaongeza GB. Tunauliza chaji, wanaweka betri kubwa. Hatuulizi masasisho, basi masasisho ndipo pa kubana matumizi.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya Google, mwenye Android. Si kweli moja kwa moja. Android pekee haitoshi kuendesha simu. Kila chipu inahitaji programu zake za ndani ili iweze kuongea na kamera, kioo na mtandao, na programu hizo nyingi hutoka kwa mtengenezaji wa chipu. Yeye akisema chipu hii nimemaliza nayo, kampuni ya simu inabaki na kazi ngumu na ya gharama. Google ilijaribu kupunguza tatizo hilo mwaka 2017 kwa kuitenganisha Android na programu hizo za chipu. Ilisaidia, ila haikumlazimisha mtu kutoa masasisho.

Kwamba inawezekana, tumeona. Kampuni ndogo ya Uholanzi, Fairphone, ilitoa simu yake ya pili mwishoni mwa mwaka 2015 ikiwa na chipu ya Qualcomm. Qualcomm iliiacha chipu hiyo kwenye Android 6. Fairphone ikaendelea yenyewe hadi Android 10, na ikaihudumia simu hiyo mpaka mwaka 2023. Mwaka huo huo Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8, na mwaka 2024 Samsung ikaahidi hivyo hivyo kwa Galaxy S24. Hizo zote ni simu za bei mbaya. Mwenye pesa kaahidiwa miaka 7, muuza nyanya wa Mabibo hajaambiwa hata mwezi.

Kwa nini jambo hili linaniuma? Simu niliyokuwa natumia kabla ya hii, jina lake naliweka kapuni, ilipata sasisho la mwisho kabla haijafikisha miaka miwili. Kioo kizima, betri nzima. Nikaendelea nayo muda mrefu kwa sababu mshahara wa mwandishi mnaujua. Ndani yake kulikuwa na pesa zangu, lakini pia majina na ujumbe wa watu walionipa habari kwa kuniamini. Tundu la usalama likigunduliwa, wenye simu mpya wanazibiwa. Mimi na watoa habari wangu tulikuwa wazi tu. Na siku hizi simu ndiyo benki ya Mtanzania.

Najua jibu la wafanyabiashara: simu ya bei rahisi haiwezi kubeba miaka 7, itapanda bei. Inawezekana. Mimi sidai miaka 7. Nadai tarehe. Paketi ya maziwa ina tarehe, dawa ya kikohozi ina tarehe. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, mtengenezaji analazimika kutangaza masasisho ya usalama yatadumu angalau hadi lini. Umoja wa Ulaya umeenda mbali zaidi: kanuni zake zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinataja miaka 5 baada ya aina hiyo ya simu kuacha kuingizwa sokoni.

Na sisi tusiambiwe haiwezekani. Mwezi Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, na Kenya ilishafanya hivyo mwaka 2012. Serikali ikitaka kuingia kwenye mfuko wako ikague simu, inaingia. Basi TCRA, Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani wakae meza moja, waagize mstari mmoja tu kwenye boksi: simu hii itapata masasisho ya usalama hadi mwezi fulani, mwaka fulani.

Wakati tunawasubiri, wewe ukienda dukani anza kuuliza. Muuzaji atakushangaa. Wa pili akiuliza atakuna kichwa. Wa ishirini akiuliza, atampigia aliyemletea mzigo. Laini mbili nazo zilikuja kwa sababu kuna mtu alikubali kuwasikiliza wanunuzi wa aina yetu.

Nawasilisha.