Gari la Mjomba na rekodi iliyofutwa

Najua nimewatupa kwa wiki kadhaa, na ile makala niliyowaahidi kuhusu kuhamisha hifadhidata kutoka MySQL kwenda PostgreSQL bado ni deni. Nitalilipa. Leo naomba mnivumilie tuzungumze habari za magari. Usifunge ukurasa kwanza! Kompyuta zimo, tena si moja.

Mjomba wangu ni mkulima na mchuuzi huko Wundanyi, juu milimani. Hukusanya kabichi na nyanya kwa majirani, huteremka nazo Mwatate, hupita hapa kwetu Voi, kisha hushika barabara kuu hadi soko la Kongowea, Mombasa. Miaka yote alitumia magari ya mtumba ya kutoka Japani kama sisi wengine, na miaka yote nusu ya faida yake iliishia gereji. Basi alipopata mkopo wa sacco akakata shauri: safari hii ni pikapu mpya kabisa, ya dizeli, kutoka kwa muuzaji rasmi, na waranti juu. Nilimwambia bei hiyo ni ya kuumiza. Akanijibu, "Mpwa wangu, mimi sinunui gari. Nanunua usingizi."

Mwaka wa kwanza alilala vizuri. Kila baada ya kilomita 5,000 alilipeleka sevisi Mombasa, kilomita kama 150 kutoka Voi, akapigiwa muhuri kwenye kile kitabu. Alikitunza kama cheti cha ndoa.

Mwaka wa pili ikawaka taa ya injini. Gari likiwa na mzigo, kwenye zile kona za kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, linakata nguvu kana kwamba kuna mtu amelishika mkia. Kwenye tambarare halina neno. Akalipeleka Mombasa, akaeleza. Akapewa kiti, chai (chai nzuri, hilo hakatai) na kioo cha kutazamia kwa mbali, maana mteja haruhusiwi kuingia wanapofanyia kazi. Jioni akaambiwa wamelipima, wameliendesha mtaani, halina ugonjwa wowote, na ile taa wameizima.

Wenzangu tunaoandika programu nadhani mmeshacheka. Ni mara ngapi mteja amekuambia mfumo umekwama, nawe ukajibu kwamba kwenye mashine yako unafanya kazi? Gari tupu, Mombasa, barabara sawa kama meza... lingeumwa wapi?

Siku mbili baadaye, na mzigo juu, taa ikawaka tena. Safari ya pili gari likalala huko siku mbili. Hukumu: pampu ya presha ya mafuta imekufa, na waranti hailipi kwa sababu imeuawa na mafuta machafu. Shilingi 238,000. Mjomba akaomba aonyeshwe huo uchafu. Akaambiwa ripoti iko kwenye kompyuta. Akauza ng'ombe wawili, akakopa kilichobaki, akalipa. Kabichi haingoji mabishano, wala sacco.

Wiki tatu baadaye: kona zilezile, taa ileile.

Hapo ndipo aliponipigia simu mimi. "Wewe si umesomea kompyuta? Na hili nalo wanasema ni kompyuta. Njoo usome."

Sasa ngoja nieleze kidogo kwa wasiojua. Gari la siku hizi lina kompyuta inayosoma vihisio vya injini kila wakati, na ikiona jambo lisilo la kawaida inaandika namba ya hitilafu na kuwasha taa. Chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16 ya kusomea namba hizo. Marekani iliilazimisha kwa magari yote mapya kuanzia yale ya 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na dizeli baadaye. Lengo la kwanza lilikuwa moshi na hewa safi, lakini faida nyingine ni kwamba fundi yeyote, si wa kampuni pekee, angeweza kusoma. Kijidude cha Bluetooth cha kuchomeka hapo na kusomea kwa simu hakifiki hata shilingi elfu mbili. (Vingi ni vya kunakiliwa na havisomi namba zile za siri za kila kampuni. Usije ukanilaumu.)

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili. Kompyuta ikiandika hitilafu huwa inahifadhi pia picha ya dakika ile: injini ilikuwa ikizunguka kwa kasi gani, mwendo wa gari ulikuwa kiasi gani, mzigo kwenye injini, joto. Kwa lugha yetu, ni logi. Na mtu anapoizima taa kwa skana, hiyo picha hufutika pamoja na namba.

Kwa hiyo mara ya kwanza kabisa, gari lilipoingia Mombasa, ushahidi wote ulikuwa ndani yake. Ungesema: mwendo mdogo, injini imeelemewa, huyu alikuwa akipanda mlima na mzigo. Wakaufuta, wakamrudishia ufunguo na ankara. Mimi nikifuta logi za seva ya mteja kabla ya kuweka nakala, nastahili kufukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Nilichomeka kijidude changu, nikapata P0087: presha ya mafuta iko chini mno. Nikaandika programu ndogo ya Python ya kurekodi presha kila sekunde, tukapanda Mwatate hadi Wundanyi na magunia nyuma. Mchoro ulikuwa mzuri sana, kila kona kali na bonde lake. Nikajiona daktari bingwa. Lakini jamani, namba hiyo haisemi "pampu". Inasema presha iko chini, basi. Huenda ni pampu, huenda ni filta, huenda ni kihisio kinachodanganya, huenda ni waya. Mahali kosa linaporipotiwa si lazima pawe mahali lilipotendeka. Kila aliyewahi kusoma ujumbe wa kosa wa Java wenye mistari 80 anajua.

Aliyelipata ni fundi mmoja hapa Voi, chini ya mwembe, hana skana wala fulana ya kampuni. Alichukua kipande cha paipu ya plastiki inayoona, akakiunga kwenye njia ya mafuta kati ya tangi na filta, akamwambia Mjomba akanyage mafuta. Tukaviona viputo vya hewa vikipita. Paipu ya mpira kutoka kwenye tangi ilikuwa imechanika kwenye kishikizo chake, na injini ikihitaji mafuta mengi inanyonya hewa pamoja nayo. Paipu mpya na kazi, 3,500.

Mjomba alisema waliomuuzia ni wezi. Majirani wakasema wezi. Mimi nasema sijui, na huko kutojua ndiko kunakoniuma zaidi. Huenda pampu ilikuwa nzima na wakamuuzia nyingine kwa tamaa. Huenda walisoma P0087 wakaishia hapo kwa uvivu. Huenda pia ilikuwa imeharibika kweli, kwani pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe na hewa huziua, na wao wakatibu kidonda wakaacha msumari. Kila jibu lina hukumu yake. Kujua lipi la kweli kulihitaji vitu viwili tu: rekodi ya skana na pampu ya zamani. Rekodi imefutwa. Alipopiga simu kuulizia pampu akaambiwa vyuma vya zamani huwa vinatupwa.

Tunazungumzia uaminifu kana kwamba ni tabia ya moyoni, huyu ana utu, yule hana. Mimi naona ni swali la nani anashika rekodi. Fundi wa chini ya mwembe si malaika. Tunasimama kando yake na kofia jua likituchoma kwa sababu tunaogopa atachomoa alternata yetu nzima na kuweka ya gari jingine! Lakini tunasimama. Tunaona. Kwa kampuni tunalipa mara tano zaidi, kisha tunanyimwa kile kitu kimoja tunachopewa bure kule: kuona. Chai na kiti haviwezi kuziba pengo hilo.

Wala nisijifanye mtakatifu. Miaka mitatu iliyopita nilimwambia mwenye duka mmoja kwamba kompyuta yake ya mauzo imechoka, anunue nyingine. Alinunua. Tatizo likarudi, kumbe ni waya wa mtandao uliotafunwa na panya. Sikumdanganya, nilikuwa na haraka na nilijua hana njia ya kunihakiki. Nilimrudishia pesa yangu ya kazi, lakini kompyuta ilikuwa imeshanunuliwa. Tangu hapo huwaelewa mafundi wa kampuni zaidi ya anavyowaelewa Mjomba. Kule Marekani wengi wao hulipwa kwa saa zilizoandikwa kitabuni kwa kila kazi, si saa walizotumia. Kubadilisha pampu kuna saa zake zinazolipwa. Kuzunguka na gunia za kabichi mlimani kutafuta kiputo cha hewa hakumo kitabuni. Ungekuwa wewe ungefanya lipi?

Ndiyo maana sipendi suluhisho la "tafuta watu waaminifu". Tafuta rekodi. Na cha kushangaza, sisi Wakenya tumeshaandikiwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa na huduma. Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 ina sehemu nzima ya ukarabati wa magari: fundi atoe makadirio kabla ya kazi, asizidishe zaidi ya asilimia 10 juu yake, na ajitolee kumrudishia mteja vipuri alivyovitoa. Mwaka 2012! Nimewauliza watu 11 hapa stendi, wenye magari na madereva, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia. (Nami nilijua mwezi uliopita, kwa sababu ya hasira.)

Ila sheria hiyo inazungumzia vyuma. Haijafikiria logi, na siku hizi logi ndiyo yenye kesi. Massachusetts, Marekani, wapiga kura walipitisha haki ya kutengeneza magari mwaka 2012, kisha 2020 ikabidi warudi tena kwenye kura kwa sababu data ilikuwa imehama kutoka kwenye soketi na kuanza kurushwa hewani moja kwa moja kwa watengenezaji. Watengenezaji wakaenda mahakamani.

Na kama unadhani nazidisha chumvi, soma habari ya treni za Poland. Sisi wa Voi tumezaliwa na reli, kwa hiyo hii niliisoma mara mbili. Treni za kampuni ya Newag zilipelekwa kutengenezwa kwenye karakana nyingine, zikagoma kuwaka, na hakuna chuma kilichoonekana kibovu. Wakaitwa wadukuzi wa kundi la Dragon Sector. Mwezi Desemba 2023 wakatangaza walichokikuta ndani ya programu: masharti ya kuzima treni, mojawapo likiangalia kama treni imekaa kwenye eneo la karakana fulani za washindani, kwa vipimo vya GPS. Newag ilikana na kuwapeleka mahakamani. Lakini fikiria: bila mtu wa kuisoma ile programu, kila mtu angesema mafundi wa ile karakana ni wabovu. Mjomba wangu naye angesema.

Nitakachodai mimi kwa gereji yoyote ya kampuni hakihitaji teknolojia mpya. Gari likiingia, chapisha namba za hitilafu pamoja na ile picha ya dakika, mpe mwenye gari nakala KABLA ya kufuta chochote. Likitoka, mchapishie tena. Skana yako ina kitufe cha kuchapisha, nimekiona. Kipuri ulichotoa, kiweke kwenye boksi la kile kipya, ukampakilie. Ukisema mafuta machafu, mpe chupa ya mafuta hayo. Kama kazi yako ni safi haitakugharimu kitu, na wana mambo ambayo fundi wa mwembe hana: taarifa za kiufundi za kiwandani, programu mpya za kompyuta ya gari. Sitaki Mjomba awahame. Waranti yake ina miezi 14 bado, na deni la sacco lina miaka.

Nilimwandikia hayo yote kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa, na juu nikaandika jina la ile sheria. Wiki jana alikuwa na sevisi ya kawaida, akaenda nayo. Dada wa mapokezi aliisoma, akaenda nayo ndani, akakaa sana. Mjomba anasema alishaanza kutafuta namba yangu kwenye simu. Kisha akatoka meneja mwenyewe, akamwita mzee, akasema hakuna mteja aliyewahi kuwauliza, akaagiza ichapishwe.

Sasa kuna kurasa mbili za ripoti zimekunjwa ndani ya kile kitabu cha mihuri. Na juu ya kabati la vyombo, Wundanyi, kuna filta ya oili iliyotumika ndani ya boksi lake, inavuja, na mke wa Mjomba ameniuliza mimi itaondoka lini.