Sitawauzia Poda ya "Kuamsha Kinga"

Wiki jana kampuni fulani iliingia kwa inboksi yangu. Wanataka nitangaze poda yao, ati "inaamsha seli za NK na kumaliza kansa." Pesa walizotaja zingenilipia kodi ya nyumba miezi miwili. Nimekataa, na wacha niwaambie kwa nini.

Seli za NK si uongo. Wanasayansi walizitambua miaka ya sabini, wengine wao wakiwa Sweden. Ziko kwa damu yako saa hii. Hebu fikiria askari wa geti pale tao. Karibu kila aina ya seli nzima ya mwili hubeba kitambulisho. Kansa ikitaka kujificha isionwe na askari wengine wa kinga, mara nyingi huficha hicho kitambulisho. Hapo ndipo NK hushtuka: wewe, ID iko wapi? Inaitoboa na kuiingizia protini zinazoifanya ijiue.

Sasa mbona watu bado wanaugua? Kwa sababu kansa ni janja. Inatoa kemikali za kuzubaisha hao askari, na uvimbe mwingine hata hawaufikii vizuri. Askari hajalala, amechezwa. Kijiko cha poda hakiwezi kumfundisha sura ya mwizi.

Kufundisha kunafanyika maabara. Mwaka wa 2020, madaktari wa Houston, Marekani, walitoa ripoti ya jaribio lao. Walichukua seli za NK kutoka damu ya kitovu cha watoto wachanga, wakaziongezea jeni ili zitambue alama ya saratani fulani za damu. Wagonjwa walikuwa 11, na walipewa kemo kwanza. 8 walipata nafuu, na kati yao 7 saratani haikuonekana tena. Seli zilikuwa za mtu mwingine kabisa, na bado hazikuleta yale madhara makali yaliyokuwa yanahofiwa. Hiyo ni habari tamu sana. Lakini ni watu 11, na ni hospitali. Si mkebe wa kuletewa na bodaboda.

Shangazi yangu alikunywa poda kama hiyo miezi minne, akiwa na uvimbe kwa titi. Alipofika kliniki daktari hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Mama, ulikuwa wapi?" Shangazi akaangalia chini. Leo yuko kwa kemo, na hakuna mtu nyumbani anayetaja hiyo miezi minne, ingawa sote tunaihesabu.

Kwa hivyo wasee, ukihisi uvimbe usiniulize poda gani ni noma. Enda upimwe. Wakisema wakate kanyama kadogo wakapime, kubali. Na nyinyi wenzangu mnaotengeneza kontenti, najua hiyo ofa imewafikia pia. Njaa ni ya kweli, hata mimi ninayo. Lakini anayekuamini ndiye atakayechelewa.

Kama ulishaitangaza, futa hiyo posti leo. Hatutakucheka.