Nyanya haingoji wageni

Leo naandika juu ya nyanya na najua kuna mtu ashacheka. Eti mgao unapunguzwa, watu wanalala na chai ya rangi, na huyu volontia amekaa kuandika nyanya. Cheka umalize halafu usome. Ninachogombania ni kile kile unacholalamikia kila siku kwenye foleni: nani anaamua chakula cha mtu kiliwe lini.

Kwenye mafunzo ya bustani za nyumbani tunapewa miche, ndoo, na sentensi moja: usichume mpaka nyanya iwe nyekundu yote kwenye mti. Wazee wetu nao wanasema hivyo hivyo. Mimi nasema sentensi hiyo ilitoka mahali pengine, na hapa Kakuma inatutia hasara.

Wazee siwalaumu. Mtu aliyelima Bukavu, juu kule kando ya ziwa Kivu, mita zaidi ya 1,400, alilima kwenye baridi. (Sisi wa kule tunaita tomati, Wakenya wananisahihisha mpaka leo.) Kule unaiacha tomati kwenye mti inakuwa nyekundu polepole, safi kabisa. Lakini hapa ni Turkana. Mchana joto linapita nyuzi 35 bila kuomba ruhusa. Ile rangi nyekundu inaitwa laikopini, na joto likishapita kama nyuzi 30 laikopini haitengenezwi vizuri. Nyanya inabaki njano njano, au rangi ya chungwa. Mama anaiangalia anasema bado. Kesho bado. Keshokutwa bado. Kumbe ndani imeshaiva na imeanza kulegea, yeye anangojea rangi ambayo jua lenyewe limeikataza. Akija kushtuka, upande mmoja umeungua umekuwa mweupe kama karatasi.

Na jua si adui peke yake. Kila siku unayoiongezea nyanya kwenye mti ni siku ya ndege, ya funza anayetoboa, ya mbuzi, na ya mkono wa mtu (tusidanganyane, wizi wa bustani upo). Halafu kuna maji. Bomba likikauka siku mbili mmea unanyauka, siku ya tatu maji yanarudi, mtu kwa furaha anamwagia madumu mawili kwa mara moja. Ngozi ya nyanya iliyoiva haitanuki haraka kama maji yanavyoingia, basi inapasuka, na kwenye ule ufa ndipo uozo unapoingilia. Nimeona mche mzima unaharibika hivyo kwa usiku mmoja.

Sasa uchume lini? Angalia kitako cha nyanya, upande ule usio na kikonyo. Nyanya inaanza kubadilika hapo. Kijani kinapauka, halafu kinatokea kama wekundu kidogo au unjano. Siku hiyo hiyo, asubuhi kabla jua halijapanda, ichume. Haihitaji tena kuwa kwenye mti. Inatoa yenyewe gesi inayoiivisha, inaitwa ethilini, na itamalizia kuiva ndani ya nyumba.

Najua mtu atasema ladha inapotea. Kwa nani? Ukiikata kwenye sombe au kwenye maharage hakuna atakayekuambia ilichumwa Jumatatu au Alhamisi. Ladha inapotea kwa wale wanaochuma ikiwa mbichi kabisa, na hao pia nawapinga. Kuna vijana wanavuna kijani kitupu ili wawahi soko, halafu nyanya inanyauka bila kuiva na mteja anatutukana wote. Kama huna hakika, toa moja sadaka, ikate katikati. Kisu kikikata mbegu, bado ni changa, acha wenzake. Mbegu zikiteleza pembeni ndani ya ule ute, imekomaa na ina uwezo wa kuiva.

Kuihifadhi hapa ndiyo kazi, kwa sababu nyumba za mabati ni oveni. Usiweke dirishani, usiweke kwenye juala, itatoa jasho ioze. Tandaza chini sakafuni, chini ya kitanda, zisilaliane, wala usizioshe kwanza. Gunia likiloweshwa na kutundikwa karibu linapoza kweli, maana hewa yetu ni kavu. Kagua kila siku, iliyooza toa haraka. Ukitaka ziwahi, weka pamoja na ndizi mbivu, kama umebahatika kuwa na ndizi.

Hayo yote ni madogo. Kilichonifanya niandike ni hiki. Kuna shirika, jina naacha, liliambia kina mama wa kikundi kimoja wasiguse nyanya zao kwa sababu wageni wanakuja Alhamisi. Zilikuwa zimeanza kushika rangi Jumamosi. Alhamisi wageni hawakuja, gari lilikuwa na shida. Wakaja Jumatatu, wakakaa dakika kama 20. Nyanya tatu nzima ndizo zilizopatikana, akapewa mama mmoja azishike mkononi, akaambiwa atabasamu. Kwenye ndoo kulikuwa na zile zilizopasuka na zilizotobolewa, wakapewa kuku. Yule mama ana watoto watano na alikuwa anapika dengu bila kitu siku zote hizo, nyanya ziko mita tatu kutoka jikoni kwake.

Nyinyi wafadhili, na nyinyi wenzetu mnaolipwa kuwaongoza wafadhili, nawauliza: ile picha ilikuwa ya nini? Kama ni kuonyesha kwamba mradi unalisha watu, basi mlizuia watu kula ili mpate ushahidi kwamba wanakula. Mkija mkute mche hauna kitu, furahini. Ingieni ndani mkaone zimetandazwa kwenye mkeka, zingine chungwa, zingine zimechumwa jana, na sufuria iko motoni. Pigeni picha hiyo kama mwenye nyumba amekubali.

Na ile sentensi ya mafunzo ifutwe. Kina mama wafundishwe kuangalia kitako, wafundishwe kwa kisu na nyanya halisi, si kwa bango. Mafunzo yasianze saa nne wakati bustani imeshawaka moto.

Vijana wa bloku za karibu, miche mipya inagawiwa hivi karibuni. Mimi niko bustani kila siku kabla ya saa moja asubuhi. Ukiwa na nyanya usiyoielewa, ije nayo, kisu ninacho.