Pasi bora ya Angela Buxton haikupigwa uwanjani

MASHABIKI wa soka ni mafundi wa kuhesabu mabao, lakini aliyetoa pasi ya mwisho husahaulika kabla hata basi la timu halijawashwa. Kwenye tenisi, mtu wa aina hiyo ni Angela Buxton.

Mwingereza huyu, Myahudi mzaliwa wa Liverpool, hakuwahi kutwaa taji kubwa akicheza peke yake. Mwaka 1956 alifika fainali ya Wimbledon akachapwa na Shirley Fry wa Marekani, seti 6-3, 6-1. Lakini wawili wawili? Hapo alikuwa mtu mwingine kabisa. Mwaka huohuo, yeye na Althea Gibson walibeba ubingwa wa Ufaransa, kisha wa Wimbledon.

Gibson alikuwa Mmarekani mweusi, enzi ambazo ubaguzi ulikuwa nje nje. Buxton naye alishaonja kubaguliwa kwa sababu ya Uyahudi wake. Wawili hao wakaelewana fasta.

Haikudumu. Mwaka 1957 jeraha la kifundo cha mkono lilimmaliza Buxton mapema. Gibson akaendelea, akatwaa Wimbledon ya mmoja mmoja mara mbili, 1957 na 1958. Pesa je? Hamna kitu. Wimbledon ilianza kutoa zawadi za fedha mwaka 1968, yeye akiwa ameshapita.

Miaka ya 1990, Gibson akiwa mgonjwa na mfuko umetoboka, alimpigia simu mwenzake wa zamani. Buxton akamsaidia kwa pesa zake, kisha akahakikisha taarifa inachapwa kwenye jarida la Tennis Week. Michango ikamiminika kutoka nchi mbalimbali. Gibson akaishi hadi 2003.

Ni stori tamu, ila ina aibu ndani yake. Aliyemwokoa bingwa ni rafiki, si wakubwa wa mchezo waliojaza viwanja kwa jina lake.

Soka letu halina cha kucheka hapo. Staa wa zamani akiugua, wanaopitisha bakuli ni wale aliocheza nao, huku klabu ikituma salamu za pole. Viongozi watenge fungu la wastaafu kutoka kwenye mapato ya mlangoni na jezi, kila msimu, bila kusubiri mtu alazwe. Si kila mchezaji ana Buxton wa kumpigia simu.