Kielelezo Kwanza, Kazi Baadaye



Juma hili nataka tuzungumze juu ya kisanduku kidogo kilicho katika nyumba nyingi siku hizi, tangu Tanga mjini mpaka Pangani, Muheza, Korogwe na vijiji vya mbali. Ni mita ya LUKU, maana yake Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Wanunua umeme, wapewa namba yenye tarakimu 20, waibonyeza, na taa yawaka. Lakini ni wachache wanaojiuliza: kisanduku hiki chajuaje kwamba namba ni ya kweli? Na kwa nini mwaka 2024 tuliambiwa tubonyeze tarakimu 60 badala ya 20? Majibu yake yana mafundisho hata kwa mtu asiye na umeme nyumbani kwake.

Nianze na kisa. Katika Novemba ya mwaka ule nilikuwa kijijini, upande wa Muheza. Mzee mmoja jirani aliniita jioni. Mkononi alikuwa na simu, na juu ya meza vikaratasi viwili vya umeme alionunua zamani akauweka akiba.

"Mwanangu," akasema, "nimenunua umeme leo, nimeletewa namba tatu mahali pa moja. Nami nimesikia habari za wezi wa simu. Sibonyezi kitu mpaka nielezwe."

Nikamjibu, "Mzee wangu, umefanya vema kuuliza. TANESCO wametangaza kwamba kila mita ya namna hii irekebishwe kabla ya tarehe 24 Novemba. Namba mbili za kwanza zairekebisha mita, na ya tatu ndiyo umeme wako. Lakini hivi vikaratasi vya zamani tuviingize kwanza, maana tukisharekebisha mita haitavitambua tena."

Tukawasha kurunzi, yeye akasoma, mimi nikabonyeza. Vikaratasi viwili vya akiba vikaingia salama. Kisha namba mbili za marekebisho, kisha ile ya umeme. Tulipokwisha, mzee akakaa kimya kidogo, halafu akauliza swali ambalo ndilo lililoniandikisha makala hii: "Ni nani aliyekosea, hata sisi sote tukatumwa kazi hii?"

Swali hilo lastahili jibu la haki, nasi tulitafute pamoja.

Ndani ya mita mna kompyuta ndogo sana. Haina kioo kikubwa wala haichezi muziki. Ina kazi moja tu, nayo imefungwa ndani ya chombo maisha yake yote. Kompyuta za namna hii ziko nyingi kupita tunavyofikiri: zimo katika simu, katika magari, katika mashine za hospitali na katika pampu za mafuta. Kila moja yafuata programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu: jambo hili likitokea, fanya hivi, lile likitokea, kataa.

Sasa mita hii ya ukutani haina haja ya waya wala simu ya kuiunganisha na mashine ya ofisi iuzayo umeme. Hizo mbili hujuana kwa siri moja, nayo ni ufunguo wa hesabu. Ukinunua umeme, mashine ya ofisi huchukua kiasi ulicholipia, huongeza alama ya dakika uliyonunua, huvifunga vyote kwa ule ufunguo, nawe wapata tarakimu 20. Mita huzifungua kwa ufunguo wake. Zikifunguka sawasawa, hukubali. Kisha hutazama ile dakika. Kama imekwisha kuitumia, au ni ya zamani mno kuliko zile inazozikumbuka, hukataa. Ndiyo sababu huwezi kutumia namba moja mara mbili, wala namba yako haifai kwa jirani.

Mapatano haya yote hayakubuniwa na kiwanda kimoja. Yalianza Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, wakati nchi ile ilipokuwa ikipeleka umeme kwa watu wengi waliokuwa hawana. Mita zilinunuliwa kwa viwanda mbalimbali, na kila kiwanda kingeweza kuwa na lugha yake. Basi wakaandika kielelezo kimoja ambacho kila kiwanda lazima kikifuate, na mwaka 1997 kikaundwa chama cha kukitunza. Baadaye kilikubaliwa kuwa kipimo cha mataifa, nacho hufuatwa katika nchi nyingi, na yetu mojawapo.

Hapo, msomaji wangu, ndipo penye kiini cha maneno yangu: kielelezo.

Nenda Pangani kwa mafundi wa mashua. Fundi ataweka mkuku, atapanga mataruma, atapigilia mbao, wala hana karatasi hata moja. Kielelezo chake ki kichwani. Alikipata kwa mzee wake kwa kutazama. Mashua ikishushwa majini yaelea vizuri, nami sina neno baya juu ya ufundi huo. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, fundi akikosea, mara nyingi hugundua kosa mbao zikiwa zimekwisha pigiliwa. Pili, akifa bila mwanafunzi, ujuzi wake wazikwa pamoja naye. Kwa mashua moja hasara hiyo yavumilika. Kwa mamilioni ya visanduku katika kuta za watu haivumiliki.

Kwa hiyo katika viwanda vingi vikubwa mainjinia wameshika desturi nyingine. Kabla ya kuandika programu, huchora kielelezo cha kazi yote ndani ya kompyuta. Kielelezo hicho si picha ya kutazama tu. Kompyuta yaweza kukiendesha kana kwamba ni chombo chenyewe. Mainjinia hukijaribu kwa kila ubaya wanaoweza kuuwaza: umeme ukikatika katikati je? Mtu akibonyeza vibaya mara tano je? Hesabu ikizidi mahali pake je? Wakiona kosa, hulifuta na kuchora tena, na hakuna aliyeumia. Kielelezo kikishinda majaribio, kompyuta yenyewe huandika programu kutoka humo. Siku ya kutaka kubadili, hawaigusi programu. Hubadili kielelezo, na programu hutolewa upya. Ndivyo zilivyofanywa baadhi ya programu za kuiongoza Airbus A380, ile ndege ya ghorofa mbili iliyoanza kubeba abiria mwaka 2007. Watengenezaji wa magari nao hufanya vivyo hivyo.

Utauliza: Je, njia hii haina taabu? Inazo. Yataka muda mwingi mwanzoni, wakati mwenye mali anataka kuona kitu kilichokwisha. Mafundi waliozoea njia ya zamani yawapasa kujifunza upya. Na kubwa kuliko yote, kielelezo kibaya hutoa programu mbaya, tena upesi sana. Kompyuta haimwambii fundi kwamba amewaza vibaya, humtii tu. Kwa hiyo kazi ya kufikiri haipungui hata chembe.

Turudi sasa kwa swali la mzee. Nimesema kwamba kila namba ya umeme ina alama ya dakika. Waandishi wa kielelezo waliamua kuhesabu dakika hizo tangu tarehe 1 Januari 1993. Wakaipa hesabu hiyo nafasi maalumu, na nafasi hiyo haiwezi kuchukua zaidi ya dakika 16,777,216. Wajua ile saa ya kilometa katika gari: ikifika 99999 hurudi 00000, na gari kuukuu laonekana jipya. Ndivyo ilivyo hapa.

Watoto wa shule wachukue kalamu. Siku moja ina dakika 1,440. Gawanyeni 16,777,216 kwa 1,440. Mtapata siku 11,650 na kitu. Hesabuni siku hizo tangu mwanzo wa 1993, wala msisahau miaka mirefu. Mtaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Siku ile hesabu ingerudi mwanzo, na mita ingeona kila namba mpya kuwa ni ya zamani, ikaikataa. Mtu angelipa fedha yake halali na kukaa gizani. Mama mwenye duka na jokofu lake, mwenye mashine ya kusaga na wateja wake wamesimama na vikapu, zahanati yenye dawa za kuwekwa penye baridi: wote wangepatikana na shida siku moja.

Je, waandishi wale walikuwa wajinga? Hasha. Kumbuka kwamba namba hii hubonyezwa na watu kwa vidole vyao. Kuiongezea nafasi hesabu ya dakika kungeongeza tarakimu, na kila tarakimu ni taabu kwa bibi asiyeona vizuri. Wakachagua tarakimu 20, wakijua kwamba baada ya karibu miaka 32 hesabu itakwisha. Kisha katika maandishi ya kielelezo kikawekwa na kipimo cha kuponya: hesabu ianze tena kutoka mwaka 2014, na mita ipewe ufunguo mpya kwa zile namba mbili, isahau dakika za zamani. Kwa hiyo kazi ya usiku ule haikuwa ya kung'oa mita ukutani. Ilikuwa ya kubonyeza tu, kila mtu nyumbani kwake. Kama kielelezo kisingeandikwa, au kingekuwa kichwani mwa fundi mmoja aliyekufa, ingetupasa kubadili mita nyumba kwa nyumba.

Linganisha na mambo yaliyotokea tarehe 4 Juni 1996 huko Kourou, katika Guyana ya Kifaransa. Roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa mara ya kwanza. Haikumaliza dakika moja. Iligeuka kando, ikavunjika vipande angani. Sababu yake ni ndugu wa habari yetu. Programu moja ilichukuliwa katika roketi ya zamani, Ariane 4, ikatiwa katika mpya bila kujaribiwa kwa safari yake mpya. Roketi mpya ilikwenda mbio zaidi, hesabu moja ikawa kubwa kupita nafasi iliyowekewa, na kompyuta za kuongoza njia zikazima. Kule pia hesabu ilizidi nafasi yake. Lakini safari hii hakuna aliyelikumbuka jambo hilo kwa wakati, na dawa haikuwako.

Hivyo nilimjibu mzee: "Hatukutumwa kazi hii kwa sababu mtu alikosea. Watu waliona mbele, wakaandika, na waliokuja baada yao wakasoma." Akacheka, akasema, "Kumbe ni wasia!" Nami sikupata neno bora kuliko hilo.

Sasa tupate mafaa nyumbani kwetu. Wengi wetu twajenga kama mpita njia: tofali leo, dirisha kesho, choo tutaona. Halafu ukuta wabomolewa ili mlango upite. Choreni kwanza, hata kwa kijiti mchangani. Mume na mke wasimame juu ya mchoro huo, wauendee kama nyumba: hapa moshi watoka wapi, hapa maji ya masika yapita wapi, hapa mgonjwa atalala wapi? Kosa la mchangani lafutwa kwa wayo wa mguu. Kosa la ukutani lafutwa kwa nyundo na fedha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nami naongeza kwamba ufa rahisi kuziba ni ule ulio bado katika mchoro.

La pili, andikeni. Baba ajua mpaka wa shamba, mama ajua deni la duka na dawa inayomdhuru mtoto. Yote yamo vichwani. Nunueni daftari moja la nyumba, myaandike humo, na mahali lilipo pajulikane na wote.

La tatu ni kwa wazazi wenye watoto wapendao hesabu na kuchora. Msiseme, "Michoro hailishi mtu." Vyombo vya nyumba zetu vyazidi kuwa na akili ndani yake, na akili hiyo yaandikwa na watu waliokaa darasani kama hao watoto wenu. Afadhali wengine wao watoke Muheza na Pangani, wamjue bibi asiyeona vizuri, wakumbuke vidole vyake wanapochora.

Na mwisho, hesabu mpya iliyoanzia mwaka 2014 nayo ina kikomo. Watoto wakigawanya tena kama nilivyowaonyesha, wataangukia Novemba 2045. Pengine kufikia siku hiyo mita zetu za leo zitakuwa zimekwisha ondolewa. Lakini pengine siyo zote, na wengi wetu wenye kusoma haya tutakuwa wazee, au hatupo. Basi andikeni katika daftari la nyumba, kwa wino: "Novemba 2045, ulizeni habari ya mita." Ni mstari mmoja tu. Atakayeusoma atajua kwamba tulimfikiria.