Mwenye nyumba, nunua daftari kabla ya programu

Leo tuweke kando simu mpya na lugha za programu, tuzungumze kuhusu nyumba za kukodisha. Msishangae. Tangu watu wajue kwamba kazi yangu ni kuandika programu, ombi ninalolipata mara nyingi kuliko yote si tovuti wala mchezo wa simu. Ni hili: "Kijana, nitengenezee sistemu ya ploti yangu." Wenye nyumba wengi wanaamini tarakilishi itawaokoa kutoka kwa wapangaji wasiolipa, keateka wanaokula kodi, na hesabu za ushuru.

Maoni yangu ni kwamba wengi wao hawahitaji programu bado. Wanahitaji rekodi zinazoeleweka. Ukiipa tarakilishi hesabu zilizovurugika, itakuchapishia hesabu zizo hizo zilizovurugika, ila kwa herufi nzuri.

Na hili si jambo dogo. Kuna mpangaji aliyelipa kodi lakini anarudi jioni anakuta kufuli mlangoni, kwa sababu pesa zake ziliandikiwa jirani. Kuna mwenye nyumba anayeongezea mkopo wa benki kutoka mfukoni ilhali anaambiwa vyumba vyote vimejaa. Shida yao ni moja: hakuna anayeweza kuonyesha nani alilipa nini, lini, na kwa nyumba ipi.

Haya basi, tuanze.

1. Kila nyumba iwe na nambari

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kodi nyingi hapa Kenya imehama kutoka bahasha hadi simu. Landilodi wengi hupokea kwa nambari zao wenyewe. Ujumbe unaoingia unataja jina la aliyetuma, hautaji nyumba. Mwezi huu mpangaji wa chumba cha nne amelipiwa na mumewe aliye Mombasa, mwezi ujao atalipiwa na shemeji. Wewe unabaki kukisia.

Tumia Paybill. Watu wengi hukimbilia Till kwa kuwa wameiona dukani, lakini Till haimuulizi mlipaji nambari ya akaunti. Paybill humuuliza. Akaunti hiyo iwe nambari ya nyumba, kwa mfano B3, na iandikwe kwa rangi juu ya mlango ili hata shemeji akipiga simu kuuliza, ajibiwe mara moja. Epuka herufi O na I, maana zitachanganywa na 0 na 1.

Kwa wale wenzangu wanaotaka kuunganisha mambo na Daraja, ile njia ambayo Safaricom huwapa waandishi wa programu ili kupokea taarifa za malipo: msitegemee nambari ya simu kumtambua mpangaji. Siku hizi taarifa za Paybill hufika nambari ya mlipaji ikiwa imefichwa. Kitu cha kushika ni nambari ya nyumba, pamoja na ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Hiyo ya pili ndiyo itakayozuia malipo yale yale kuandikwa mara mbili.

2. Andika kila tukio, usiandike salio tu

Madaftari mengi niliyoonyeshwa yana safu moja ya maana: "anadaiwa". Mpangaji akilipa kidogo, nambari ya zamani inakatwa na mpya inaandikwa juu yake. Baada ya miezi mitatu hakuna anayejua ilitoka wapi, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Fanya hivi. Tarehe 1, kodi ya B3, shilingi 9,000. Tarehe 4, malipo 5,000. Tarehe 11, malipo 3,500. Salio ni 500, nalo hulikisii wala hulikumbuki, unalipata kwa kujumlisha na kutoa. Umekosea mstari? Usiufute. Ongeza mstari mwingine unaousahihisha, na uandike sababu. Benki hufanya hivyo hivyo, na daftari la shilingi mia au faili ya Excel vinatosha kabisa.

Kisha mpe mpangaji stakabadhi kila mara, hata kama amelipa kwa simu. Watu wawili wakiwa na rekodi moja, keateka hana nafasi ya kucheza katikati.

3. Nyumba ni moja, wapangaji hupita

Aliyeondoka Mei akiwa na deni na aliyeingia Juni wote walilipia B3. Usiwachanganye. Kila mpangaji mpya afunguliwe ukurasa mpya wenye tarehe ya kuingia, kodi mliyopatana, dipoziti, na namba ya mita ya maji siku hiyo. Piga picha za kuta, sinki na madirisha mkiwa wote wawili, kisha mtumie nakala. Siku ya kuhama, picha hizo zitawaepusha na mabishano ya nani alivunja kioo.

Dipoziti iwekee safu yake. Si pato lako, ni pesa za mtu ulizoshika. Ukizichanganya na kodi utazitumia, na siku ya kuzirudisha utaanza kutafuta makosa ya mpangaji.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mjini nyumba nyingi zimepita hapo zamani sana. Kwa hizo, kile mlichokubaliana na kutia sahihi kina uzito mkubwa mno kukiacha kichwani.

4. Ushuru hausubiri kumbukumbu yako

Ushuru wa kila mwezi kwa nyumba za makazi ulianza Januari 2016 ukiwa asilimia 10, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Unamhusu mkazi wa Kenya anayepata kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Wengi husahau kwamba unatozwa kwa kodi yote kabla ya kutoa gharama. Vyumba 10 vya shilingi 9,000 vikilipwa vyote ni 90,000 kwa mwezi, na ushuru wake ni 6,750, hata kama mwezi huo umebadilisha tangi la maji. Ukiona gharama zako ni kubwa, unaweza kumwandikia Kamishna ili utozwe kwa faida ya mwaka badala yake. Lakini hapo utaulizwa: stakabadhi za gharama ziko wapi? Tumerudi kwa daftari.

Kabla ya kununua ploti nyingine, fanya hesabu hii hii. Usizidishe kodi kwa miezi 12 na kufurahi. Toa ushuru, keateka, marekebisho, na miezi ambayo chumba hukaa kitupu. Daftari la ploti ya kwanza ndilo litakalokuambia miezi hiyo ni mingapi.

5. Vitambulisho vya watu si vyako

Nakala za vitambulisho, nambari za simu na madeni ya wapangaji ni data za watu binafsi, na Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019. Ile tabia ya kubandika orodha ya wadaiwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti iishe. Mwenye deni aambiwe peke yake.

Sasa kuna ombi moja ninalolikataa. Landilodi wanaulizia kufuli za mtandao zinazojifunga kodi ikichelewa. Kuiandika programu hiyo si kazi ngumu. Lakini kufuli haijui kwamba malipo yaliingia kama B8 badala ya B3, wala haijui kuna mtoto ndani anayeumwa. Kumtoa mtu nyumbani kwake ni kazi ya mahakama au baraza, si ya mstari niliouandika nikiwa na usingizi. "Je, mpangaji sugu?" mtaniuliza. Huyo ndiye hasa anayehitaji daftari safi: mkataba, mistari ya malipo, na barua ulizompa zenye tarehe. Ukifika mbele ya hakimu na hayo, una kesi. Ukifika na kufuli, kesi anayo yeye.

Programu ununue lini, basi? Nunua ukiona daftari lako ni sahihi lakini linakula siku nzima kila mwezi. Na kabla hujalipa, muulize muuzaji maswali mawili. Nikitaka kuondoka, nitapata rekodi zangu zote kwa Excel? Mpangaji naye ataweza kuona akaunti yake? Akisitasita kwa lolote, mwambie asante na uendelee na daftari lako.

Haya, kwa leo tuishie hapo. Anayetaka kupinga apinge, hasa nyinyi mlionyang'anywa dipoziti. Tukutane wakati mwingine.