Pasaka ya Ughaibuni na Maana ya Jamaa

Wahenga walinena kuwa damu ni nzito kuliko maji. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwahukumu Wakenya waishio ughaibuni kila ifikapo Pasaka. Hudaiwa kwamba karamu yao na marafiki ni kivuli tu cha sikukuu halisi, ile inayoadhimishwa nyumbani pamoja na wazazi. Hukumu hiyo haina mashiko.

Itazamwe hali ya walioko Minnesota, Marekani, ambako Wakenya wengi hufanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa na wazee. Nchini Kenya, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni siku za mapumziko. Marekani si sikukuu za kitaifa. Jumapili yenyewe, Nairobi inapotimia saa kumi na mbili jioni, Minnesota ni saa nne asubuhi. Aliyetoka zamu ya usiku hawezi kushibishwa na simu ya nyumbani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi hukutana na Mtanzania, Mkongomani na Mkenya wa kabila jingine. Huyu huleta nyama ya mbuzi, yule unga wa ugali, na Kiswahili huwa ndicho mwenyeji wao.

Asili ya sikukuu yenyewe inawaunga mkono. Katika Kutoka 12:4, nyumba yenye watu wachache mno kummaliza mwanakondoo iliagizwa ishirikiane na jirani wa karibu. Naye Yesu alikula Pasaka yake ya mwisho Yerusalemu, katika chumba cha kuazima, pamoja na wanafunzi wake, mbali na Nazareti alikolelewa.

Kiswahili nacho kilikwisha kulitambua jambo hili. Neno 'jamaa' humtaja mtu wa ukoo, na humtaja mwenzi pia. Katika Kiarabu, lilikotoka, ni kundi la watu waliojumuika. Lugha haikuona haja ya kuwatenga.

Madhara ya hukumu hiyo si madogo. Mtu akiaminishwa kwamba sikukuu bila ukoo si sikukuu, atatuma pesa za mbuzi nyumbani, kisha yeye ajifungie chumbani na upweke wake. Mzazi apigaye simu siku hiyo na amuulize mwanawe amekula na nani, kabla ya kumuuliza ametuma nini.